Kuandaa na Kuendesha Mazungumzo ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Kijeshi Kati ya Nchi Mbili Rafiki

Nchi zinazoshukiana huandika kila kitu. Nchi rafiki huacha mengi hewani kwa kuaminiana, na mazungumzo yao huharibikia hapo hapo. Viongozi wanapeana mikono, tamko linasomwa, kisha mwaka wa pili lori la jeshi geni linagonga mtu, au bei ya vipuri inapanda maradufu, na hakuna ibara inayosema nani analipa, kwa sarafu gani na ndani ya siku ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki wa mataifa nao unahitaji daftari lake. Mwongozo huu ni wa afisa anayekabidhiwa kuandaa mazungumzo ya namna hiyo, tangu waraka wa kwanza hadi mkataba uanze kufanya kazi.

Kubalianeni nyumbani kwanza

Wizara ya ulinzi inataka vifaa na mafunzo. Hazina haitaki deni liongezeke. Wizara ya viwanda inataka ajira na soko, na wizara ya mambo ya nje inataka ziara ya kiongozi ifane. Mkifika mezani na tofauti hizo, wenzenu wataziona kabla ya mapumziko ya kwanza, na wataanza kuzungumza na kila wizara kivyake.

Andikeni waraka mmoja wa maelekezo, usiozidi kurasa tano, uidhinishwe na baraza la mawaziri au mamlaka yenye uwezo huo. Ujibu maswali manne: tunataka nini hasa, kiwango gani cha chini tutakikubali, jambo gani hatulitoi hata tukipewa nini, na tukirudi mikono mitupu tutafanya nini. Swali la nne hurukwa mara nyingi, na ndilo linalompa msemaji ujasiri wa kusema hapana. Ujumbe usiojua utafanya nini ukikosa makubaliano utasaini chochote siku ya mwisho.

Kila kipengele chenye gharama kifanyiwe hesabu ya miaka yote ya mkataba. Mwanasheria wa serikali aseme mapema ni yapi yatahitaji kuridhiwa na bunge au kubadilisha sheria, kwa sababu Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa mwaka 1969, katika ibara ya 27, hauiruhusu nchi kujitetea kwa sheria zake za ndani inaposhindwa kutimiza mkataba. Ukishaahidi, umeahidi.

Chagueni aina ya hati kabla ya kuandika neno la kwanza

Mkataba unafunga kisheria. Hati ya makubaliano kwa kawaida inaeleza nia, lakini jina lililoandikwa juu ya karatasi haliamui chochote. Yanayoamua ni maneno yaliyomo. Desemba 1990 mawaziri wa mambo ya nje wa Qatar, Bahrain na Saudi Arabia walitia saini kumbukumbu za mkutano mjini Doha. Bahrain ilishikilia kwamba hizo zilikuwa kumbukumbu tu. Tarehe 1 Julai 1994 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba zilikuwa makubaliano ya kimataifa yenye nguvu ya kisheria. Barua za kubadilishana nazo zinatosha kufunga nchi: Septemba 1940 Marekani na Uingereza zilibadilishana meli za kivita 50 zilizotumika na haki ya kukodi maeneo ya kambi kwa miaka 99 kwa njia ya barua.

Kwa hiyo, kama hamtaki kufungwa, andikeni wazi ndani ya hati kwamba haiweki haki wala wajibu chini ya sheria ya kimataifa, na epukeni maneno kama "italazimika" na "itaanza kutumika". Kama mnataka kufungwa, semeni hivyo bila kuzunguka.

Mpangilio unaofaa zaidi kwa uchumi na ulinzi ni mkataba mfupi wa jumla, kisha itifaki tofauti: moja ya hadhi ya wanajeshi, moja ya ulinzi wa taarifa za siri, moja ya biashara, moja ya mikopo na miradi. Kila itifaki iwe na muda wake na njia yake ya kusitishwa. Mkiweka yote katika hati moja, ugomvi wa ushuru wa forodha utaangusha mafunzo ya marubani.

Ujumbe na ratiba

Watu saba hadi tisa mezani wanatosha. Wanaohitajika bila kukosa ni msemaji mkuu, mwanasheria wa mikataba, afisa wa Hazina mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana kuhusu fedha, afisa wa jeshi anayejua shughuli zenyewe (lojistiki hasa), mtaalamu wa biashara na forodha, mwandishi wa kumbukumbu, na mkalimani wenu wenyewe. Usitegemee mkalimani wa mwenyeji, hata awe hodari kiasi gani: unahitaji mtu wa kukuambia kwamba neno lililosemwa lilikuwa zito kuliko lilivyotafsiriwa.

Anzeni miezi minne hadi sita kabla ya siku ya saini. Waraka wa kidiplomasia kupitia ubalozi unapendekeza tarehe, mahali na ngazi ya mazungumzo. Rasimu ya kwanza itumwe wiki nane kabla, majibu yarudi wiki nne kabla, na ajenda na majina ya wajumbe yafungwe wiki mbili kabla. Mkiweza, andikeni rasimu ninyi. Anayeandika rasimu ndiye anayeamua nini kijadiliwe, na mwenzake hubaki kusahihisha karatasi ya mtu mwingine.

Wataalamu hukutana kwanza, siku tatu hadi tano. Wakifuata maafisa waandamizi, wapewe yale tu yaliyowashinda wataalamu, na mawaziri waachiwe mambo mawili au matatu ya mwisho. Waziri akipelekewa masuala kumi na tano yaliyobaki wazi, atayaamua kwa uchovu.

Ndani ya chumba

Siku ya kwanza, kabla ya hoja yoyote, kubalianeni taratibu: lugha, nani anatunza rasimu rasmi, vikundi vidogo vinaripoti saa ngapi, nani anaongea na waandishi wa habari, na kama kanuni ni kwamba hakuna lililokubaliwa mpaka yote yakubaliwe. Kanuni hiyo inampa kila upande uhuru wa kujaribu mapendekezo bila hofu ya kunaswa nayo.

Maneno yanayobishaniwa yawekwe kwenye mabano ya mraba, na jina la nchi iliyoyapendekeza liandikwe pembeni. Mwisho wa kila siku hesabuni mabano. Yakiongezeka siku ya tatu, ujue tatizo halipo kwenye lugha. Kuna jambo ambalo upande mmoja hauna idhini ya kulikubali, na wasemaji wakuu wawili wanapaswa kuketi peke yao walitaje.

Ukalimani wa kupokezana, ambapo mtu anasema kisha anatafsiriwa, hula karibu mara mbili ya muda. Ratiba izingatie hilo. Ule wa papo kwa papo unahitaji wakalimani wawili kwa kila lugha, wakibadilishana kila dakika 20 hadi 30, maana baada ya hapo makosa huongezeka. Wapewe rasimu na orodha ya istilahi siku mbili kabla.

Mwandishi wa kumbukumbu aandike nani alisema nini kuhusu maana ya neno gani. Miaka kumi baadaye, mtu atauliza "gharama za uendeshaji" zilikusudiwa kujumuisha nini, na jibu litakuwa kwenye daftari hilo au halitakuwepo kabisa.

Upande wa ulinzi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na maneno machache hubeba uzito wote. Tuanze na ahadi ya kusaidiana. Ipo tofauti kubwa kati ya "zitashauriana", "zitachukua hatua" na "zitasaidia kwa nguvu za kijeshi". Hata ibara ya 5 ya Mkataba wa Atlantiki ya Kaskazini wa 1949, inayohesabu shambulio dhidi ya mwanachama mmoja kuwa shambulio dhidi ya wote, inamwachia kila mwanachama kuchukua hatua anayoona ni ya lazima. Mkataba wa ulinzi wa Marekani na Ufilipino wa 1951 unaielekeza kila nchi kufuata taratibu za katiba yake. Usiandike ahadi ambayo bunge lako halitaitimiza siku ya siku, na usiuze kwa wananchi neno "kushauriana" kana kwamba ni "kupigana". Andikeni pia eneo ambalo ahadi inahusu: nchi kavu tu, au na visiwa, maji ya bahari, meli na ndege zilizoko nje?

Suala la pili ni nani anamshtaki mwanajeshi mgeni akitenda kosa. Mfano unaonakiliwa zaidi ni mkataba wa hadhi ya majeshi wa NATO uliotiwa saini London tarehe 19 Juni 1951. Pale ambapo nchi zote mbili zina mamlaka ya kushtaki, nchi iliyotuma wanajeshi ina haki ya kwanza kwa makosa dhidi ya mali au watu wake wenyewe na kwa yale yaliyotendwa kazini. Mengine ni ya nchi mwenyeji. Ugomvi huzuka kwenye neno "kazini". Andikeni nani anatoa cheti cha kwamba askari alikuwa kazini, kama cheti hicho kinaweza kupingwa mahakamani, mtuhumiwa anashikiliwa wapi hadi hukumu, na mashahidi wa kijeshi wanarudishwa vipi wakishahamishwa. Msiache jambo hili kwa "moyo wa ushirikiano". Mwaka 2011 Iraq na Marekani zilishindwa kuelewana kuhusu kinga ya wanajeshi, na majeshi ya Marekani yakaondoka Desemba mwaka huo, kabla ya makataa ya makubaliano ya 2008, yaani tarehe 31 Desemba 2011.

Fidia kwa raia iandikwe kwa asilimia. Katika mkataba huo wa NATO wa 1951, madhara kwa mtu wa tatu yanayotokana na kazi rasmi hulipwa asilimia 75 na nchi iliyotuma jeshi na asilimia 25 na mwenyeji, pale nchi moja pekee iliyotuma ndiyo inayohusika. Unaweza kuafikiana mgawanyo mwingine, ila usiache bila mgawanyo. Weka pia mahali pa kupeleka dai, hati zinazotakiwa na siku za kujibu. Mwananchi aliyeharibiwa shamba na mazoezi ya mizinga hana uwezo wa kuifuata wizara ya nchi nyingine, na mkataba usiomkumbuka mtu huyo si mkataba mzuri, hata ukisifiwa vipi.

Yafuatayo huonekana madogo na ndiyo hukwamisha mazoezi ya pamoja:

- vibali vya ndege kupita na kutua: vya kila safari, au kimoja cha mwaka mzima chenye taarifa ya saa 72;
- ushuru wa forodha na kodi kwenye mafuta, magari na vifaa vya jeshi geni, na nini kinatokea vikiuzwa nchini;
- masafa ya redio;
- leseni za udereva, kubeba silaha nje ya kambi na kuvaa sare mjini;
- matibabu, na taratibu za mwili wa askari aliyefariki;
- usafishaji wa eneo, hasa mabomu yasiyolipuka na mafuta yaliyomwagika;
- mikataba ya wafanyakazi raia wa mwenyeji.

Hilo la mwisho lina somo la karibu. Makubaliano ya Marekani na Korea Kusini ya kugawana gharama za majeshi yalimalizika Desemba 2019 bila mapya kuwa tayari, na Aprili 2020 maelfu ya wafanyakazi Wakorea kwenye kambi hizo walipelekwa likizo bila malipo. Makubaliano mapya yalipatikana Machi 2021. Ibara moja inayosema masharti ya zamani yanaendelea kwa muda hadi mapya yatiwe saini ingewaepusha watu hao na adha.

Kuhusu taarifa za siri, itifaki yake itangulie kila kitu. Iwe na jedwali la kulinganisha daraja za siri za nchi zote mbili, kanuni kwamba taarifa haipewi nchi ya tatu bila idhini ya maandishi ya aliyeitoa, na taratibu za ukaguzi pamoja na hatua za kuchukua taarifa ikivuja.

Kwa ununuzi wa silaha, usijadili bei ya kifaa kabla ya kujua gharama ya maisha yake yote: vipuri, risasi, matengenezo, mafunzo, programu za kompyuta na namna ya kukiteketeza kikichakaa. Jumla hiyo kwa kawaida huipita bei ya kununulia. Muuzaji atadai cheti cha mtumiaji wa mwisho (hati inayothibitisha nani hasa atakitumia kifaa) na ahadi ya kutouza tena bila idhini. Mnunuzi naye adai uhakika wa vipuri kwa idadi ya miaka, na ruhusa ya kufanya matengenezo ya kawaida mwenyewe. Muuzaji akiahidi kuwekeza katika viwanda vya mnunuzi, andika kiasi, tarehe, namna ya kuhesabu thamani na adhabu ya kuchelewa. Ahadi ya "kuhamisha teknolojia" isiyotaja michoro, mashine na idadi ya mafundi watakaofunzwa haina kitu ndani yake.

Upande wa uchumi

Kosa la kwanza hapa ni kumpa mshirika punguzo la ushuru kama zawadi. Kwa wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, ibara ya I ya GATT (Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara) inataka nafuu uliyompa mmoja uwape wanachama wote. Njia inayotumika zaidi kuikwepa ni eneo huru la biashara chini ya ibara ya XXIV, ambalo lazima liguse karibu biashara yote kati ya nchi hizo, na kipindi cha mpito kizidi miaka 10 katika hali za pekee tu. Ibara ya XXI inaruhusu hatua za kulinda maslahi ya msingi ya usalama, lakini kuifanya kuwa kisingizio cha kila upendeleo kunaalika mashtaka.

Kanuni za uasili wa bidhaa, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe kuwa ya nchi gani, zijadiliwe sambamba na viwango vya ushuru, na watu wale wale. Punguzo la asilimia 20 halina maana kama kiwanda chako hakiwezi kutimiza kiwango cha malighafi za ndani kinachotakiwa. Chukueni bidhaa kumi mnazouziana zaidi, mpitishe kila moja kwenye kanuni mliyoiandika, muone ngapi zinapita.

Kwenye mikopo, someni yafuatayo kabla ya riba: sarafu ya kulipia, muda wa neema (kabla ya kuanza kulipa), ada za kuahidi na kuratibu mkopo, dhamana, sheria ya nchi gani inatumika, na sharti la kununua kutoka kwa makampuni ya mkopeshaji. Mkopo wa riba ndogo unaokulazimisha kununua kwa bei ya juu ni ghali. Msikubali kamwe kambi, bandari au mapato ya rasilimali fulani yawe dhamana ya mkopo kupitia kifungu kilichofichwa kwenye kiambatisho. Kila kiambatisho kisomwe kwa sauti mezani.

Kuunganisha uchumi na ulinzi

Kila upande utajaribu kulipia jambo la meza hii kwa jambo la meza ile. Si vibaya, mradi mabadilishano hayo yafanywe na wasemaji wakuu pekee, wakijua thamani ya pande zote mbili, na yasiingie kwenye maandishi kama sharti la moja kwa moja. Julai 2019 Japani ilibana uuzaji wa kemikali tatu zinazotumika kutengeneza vifaa vya elektroniki kwenda Korea Kusini. Agosti Korea Kusini ikatangaza kuvunja makubaliano yake na Japani ya kubadilishana taarifa za kijeshi ya 2016, na ikasimamisha uamuzi huo tarehe 22 Novemba, saa chache kabla ya muda kwisha. Makubaliano hayo hayo yaliwahi kuahirishwa mwaka 2012, chini ya saa moja kabla ya kutiwa saini, kwa sababu wananchi wa Korea Kusini walikasirishwa na jinsi yalivyopitishwa kimyakimya. Wabunge na wananchi waelezwe mapema. Siri ni ya takwimu na mipango ya kijeshi. Kuwepo kwa mkataba hakupaswi kuwa siri.

Kufunga maandishi na kutia saini

Kila ibara ipitiwe na wanasheria wa pande zote wakiwa na nakala za lugha zote mbele yao. Mwaka 2011 serikali ya Korea Kusini ililazimika kuondoa bungeni nakala ya Kikorea ya mkataba wake wa biashara na Umoja wa Ulaya baada ya makosa zaidi ya 200 ya tafsiri kugunduliwa. Amueni kama lugha zote zina nguvu sawa au ipo moja itakayoamua zikitofautiana. Kama hamkusema, ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna inazipa nguvu sawa. Ibara ya 79 inatoa njia ya kurekebisha makosa baada ya saini, lakini ni heri msifike huko.

Mkimaliza, wasemaji wakuu waweke herufi za mwanzo za majina yao kwenye kila ukurasa, ili asiwepo wa kubadilisha neno kati ya siku hiyo na siku ya saini. Rais, waziri mkuu na waziri wa mambo ya nje hawahitaji hati ya mamlaka kamili, yaani hati ya serikali inayomruhusu mtu kusaini kwa niaba ya nchi. Waziri wa ulinzi, waziri wa fedha na hata balozi wanahitaji hati hiyo ili kutia saini. Sherehe zimewahi kuchelewa kwa kukosa karatasi hiyo moja, kwa hiyo ikaguliwe wiki moja kabla. Nakala mbili za asili ziandaliwe: katika nakala itakayobaki kwako, jina la nchi yako linatangulia na mwakilishi wako anatia saini upande wa kushoto, nakala ya wenzako ni kinyume chake.

Ibara za mwisho huandikwa watu wakiwa wamechoka, na makosa yake ni ghali. Semeni tarehe ya kuanza, muda, namna ya kurekebisha na namna ya kujitoa. Mkataba usiosema lolote kuhusu kujitoa unaangukia ibara ya 56 ya Vienna: kwa kawaida hauvunjiki kwa upande mmoja, isipokuwa ikithibitika kuwa ndivyo ilivyokusudiwa au asili ya mkataba inaruhusu, na hapo notisi ni miezi 12. Notisi ndefu ina faida yake. Februari 2020 Ufilipino ilitoa notisi ya siku 180 ya kuvunja makubaliano ya wanajeshi wageni na Marekani. Notisi ikasitishwa Juni, na Julai 2021 ikaondolewa kabisa. Siku hizo ndizo zilizotoa nafasi ya kufikiri upya.

Baada ya saini

Sajilini mkataba kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, kama ibara ya 102 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inavyotaka. Usiposajiliwa, hamwezi kuutumia mbele ya chombo chochote cha Umoja huo, ikiwemo Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kamati ya pamoja ikutane ndani ya siku 90, ikiwa na jedwali linaloonyesha kila ahadi, afisa anayehusika kwa cheo chake, tarehe na fungu la bajeti. Ahadi isiyo na fungu la bajeti ipelekwe Hazina wiki hiyo hiyo, kabla makadirio ya mwaka unaofuata hayajafungwa.